Kufoka si kutukana: neno lililomrudisha mwanafunzi wangu nyumbani wiki mbili

Mwl_Kiyira aliandika:

Wakuu, salaam. Nafundisha Kiswahili kwenye sekondari moja huku upande wa Jinja, na leo nimekuja na neno moja tu: kufoka. Naomba mnisome hadi mwisho, maana neno hili limemgharimu mtoto wa watu wiki mbili za masomo.

Kijana yuko S2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, na kwao ni Koboko, huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, ila Kiswahili amekua nacho. Jumapili moja usiku palizuka ugomvi bwenini juu ya ndoo ya maji. Asubuhi mwalimu wa zamu akawataka wote waliokuwapo waandike maelezo. Wenzake wakaandika kwa Kiingereza, yeye akaandika kwa lugha anayoimudu. Sentensi yake ya tatu ilikuwa hii: "Nilipoona amechukua tena ndoo yangu nilimfokea." Basi. Kamati ya nidhamu ikakaa, mjumbe mmoja akajitolea kutafsiri, na sentensi ile ikatokea upande wa pili ikisema kwamba kijana alimtukana mwenzake. Kanuni za shule juu ya matusi ziko wazi. Akapewa barua, akapanda basi.

Wiki hiyo mimi sikuwapo. Niliporudi nikaiomba karatasi, nikaisoma mara nne. Sikuona tusi. Nikampigia mama yake, akampa kijana simu. Nikamuuliza, ulimwambia maneno gani hasa? Akasema: "Nilimwambia, mara ngapi nimekukataza kugusa ndoo yangu? Huna masikio?" Nikamuuliza kama alimtukana. Alinyamaza kidogo, halafu akajibu kwa sauti ya chini, "Hapana mwalimu. Nilimfokea."

Mtoto wa miaka 15 anaijua tofauti hiyo, na meza nzima ya watu wazima haikuijua. Imeniuma sana.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kufoka kwanza ni habari ya jikoni. Teleka uji wa ulezi kwenye sigiri, funika sufuria, kisha geuka uongee na jirani. Uji unachemka, unapanda, unakisukuma kifuniko, unateremka ubavuni mwa sufuria na kuuzima mkaa. Uji umefoka. Maana ya pili imetoka humo humo: moyo umechemka, maneno yamepanda, na mdomo, ambao ndio kifuniko, umeshindwa kuyazuia. Ndani ya neno hili mna hasira na mna kumwagika kwa ghafla. Matusi hayamo. Mtu anaweza kufoka na kutukana kwa pumzi moja, lakini hapo amefanya mambo mawili, na anayeandika shitaka hana budi kuyataja yote mawili.

Na kuna jambo la sarufi ambalo watu hulipita tu. Kitenzi hiki peke yake hakibebi mtu. Mtu anafoka, imetosha. Ukitaka kumtaja aliyemwagikiwa, lazima utie -e-: amenifokea, alifokewa, wanafokeana. Kila wiki wanafunzi huniandikia "amenifoka" nami natia kalamu nyekundu. Irabu ile ndogo ndiyo inayoonyesha uji ulielekea kwa nani.

Ninachotaka kwenu ni michango ya watu wanaokitumia Kiswahili kila siku, Kampala, Bombo, Arua, Mbale, popote. Nitaichapa niipeleke kwenye kamati.


Mkalimani_Kla aliandika:

Mwalimu pole, na mpe pole kijana. Mimi ni mkalimani wa mahakama, miaka 11 sasa, na kosa hili nimelishuhudia zaidi ya mara moja.

Nadhani najua lilikoanzia. Wengi wetu tumekiokota Kiswahili njiani: kituo cha teksi, sokoni, kwa askari. Kwenye habari za hasira tunakuwa na maneno mawili, kutukana na kugombana, na kila jambo linaingizwa humo. Ajabu ni kwamba Luganda inalo neno linalolingana kabisa. Mbwa akibweka tunasema aboggola. Mtu akimtolea mwenzake maneno makali kwa hasira tunasema amuboggoledde. Angalia umbo lake: kuboggola ni kutoa tu, kuboggolera ni kumtolea mtu. Ndiyo ile ile foka na fokea ya mwalimu. Mjumbe wenu angejiuliza kwanza, "Kwa Luganda ningesemaje?", angefika salama.

Hatari ni pale maneno yanapofanana sura. Hapa Waganda tusikilizane vizuri:

Kuvuma. Kwa Kiswahili upepo unavuma, ngoma inavuma, jina la mtu linavuma likajulikana nchi nzima. Kwa Luganda okuvuma ni kutukana. Niliwahi kumsikia mtangazaji akimsifu mgeni wake kwamba jina lake linavuma kila mahali, na mama mmoja tuliyeketi naye dukani akashika kichwa: kwa nini wanamtukana mtu wa watu?

Kusuta. Kwa Kiswahili ni kumkabili mtu uso kwa uso na uongo wake. Kwa Luganda okusuuta, kwa irabu ndefu, ni kumsifu mtu. Vimepeana mgongo kabisa.

Kubwatuka. Huku kwetu radi ndiyo inayobwatuka, na bomu. Kiswahili kinamwambia hivyo mtu aliyetoa maneno ovyo bila kuyapima. Hapa angalau picha zinakaribiana.

Mahakamani shahidi akisema "alinifokea" siendelei. Naomba ruhusa ya hakimu nimuulize: alikuambia maneno gani? Maneno yenyewe ndiyo ushahidi. "Alinifokea" ni jina ambalo shahidi ameyapa. Kamati yenu ilipaswa kuuliza swali hilo moja tu.


Mzee_wa_Kambi aliandika:

Mwalimu, umeanzia jikoni. Mimi naanzia kambini, kwa sababu huko ndiko Uganda ilikokutana na hasira ya Kiswahili.

Nilizaliwa kwenye laini za kambi ya Jinja. Baba alikuwa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, kikosi cha 4. Kwa hiyo Kiswahili kwangu ni lugha ya mama na ya baba na ya mpira wa matambara. Nilipotoka nje ya geti nikakuta watu wanakiogopa. Nilikuwa mtoto, sikuelewa. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima.

Fikiria Mganda wa kawaida alikisikia wapi. Alikisikia kwa askari wa mkoloni. Kisha 1973 Amin akatangaza kwa amri kuwa ndiyo lugha ya taifa, na wakati huo aliyekitamka barabarani alikuwa na bunduki. 1979 Watanzania wakaingia Kampala, tukawaita bakombozi, yaani wakombozi, wengi wao vijana wenye adabu, lakini nao walikuja na bunduki. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 80 ikaja panda gari.

Vijana waliomo humu labda hawajui. Askari wanazingira mtaa, wanaume wanakusanywa, linakuja lori, na neno ni hilo: panda gari. Wengine hawakurudi. Sasa nenda Dar es Salaam usimame kituoni. Kondakta atakuambia "panda gari mama, panda twende", na anakukaribisha. Maneno ni yale yale, sarufi ni ile ile, wala hakuna kufoka ndani yake. Lakini mke wangu, ambaye kaka yake alichukuliwa 1982, hadi leo akiyasikia anaweka chini alichoshika.

Na majambazi nao wakajifunza. Wakivunja nyumba usiku wanaongea Kiswahili ili wenye nyumba wadhani ni askari, wasithubutu kupiga yowe. Ndiyo maana bibi yangu mkwe alikuwa akikiita lugha ya wezi.

Kwa hiyo mjumbe wa kamati aliposoma "nilimfokea" kwa Kiswahili, kwa mkono wa kijana wa West Nile, sidhani kama alisoma neno. Alisikia kambi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sisi watoto wa kambi tunajua jambo ambalo wao hawalijui: amri na kufoka ni vitu viwili. Baba alikuwa sajini. Kwenye gwaride sauti yake ilifika mtoni, lakini hakuwa na hasira na mtu. Ile ni amri. Nyumbani nilimsikia akifoka mara mbili tu maishani, na mara zote mbili sauti haikuwa kubwa kama ya gwaride. Ilitetemeka. Askari wenyewe walikuwa wakisema afande anayefoka mbele ya kikosi keshashindwa nacho.

Kasoro ya Kiswahili cha kambini ninaikubali. "Kuja hapa!" badala ya njoo, "kwenda!" badala ya nenda, bila tafadhali, bila ndugu. Mtu aliyesikia hicho tu atadhani lugha yote ni ya kugombeza watu.


Mwl_Kiyira aliandika:

Mzee, shikamoo. Umeniweka kimya. Nilikuwa nimeliona kama kosa la kamusi.

Naomba niongeze moja tu kwa wanaodhani Kiswahili kililetwa hapa na bunduki peke yake. Kamati iliyokuwa ikisanifu lugha hii kwa Afrika Mashariki, ile iliyoundwa 1930 na Uganda ikiwa mwanachama, ilihamia Makerere 1952. Kazi ya kupima maneno kama haya ilifanyika pale pale mlimani, Kampala. Na leo Katiba, kwa marekebisho ya 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umekiweka kuwa somo la lazima S1 na S2. Serikali inamtaka kijana wangu ajifunze lugha hii. Amejifunza, ameiandika bila kosa, halafu ikawa shitaka lake.


BintiMvita aliandika:

Shikamoo Mzee wa Kambi. Mwalimu, hujambo? Mimi nimezaliwa Mombasa, nimeolewa huku, naishi Kibuli mwaka wa 19. Kuna kitu mnakipita na nataka nikiseme vizuri.

Kufoka hakuhitaji cheo. Mtoto anaweza kumfokea mama yake, na atachapwa, lakini neno litabaki kuwa hilo. Kukemea ni kwingine. Anayekemea anasimama juu ya jambo: ana mamlaka, au ana haki upande wake. Ndiyo maana kwenye Injili Yesu "akaukemea upepo", nao ukatulia. Hebu jaribu kuweka "akaufokea upepo" hapo uone picha inavyoharibika: mtu amepandwa na hasira anapigana na hewa. Wachungaji wa huku Kampala wanakemea pepo usiku kucha, na sauti zinafika kwangu, lakini hakuna anayesema mchungaji anafoka.

Kukaripia ni kwa mkubwa kwa mdogo. Mama anamkaripia mtoto aliyechelewa kurudi. Sauti inaweza kuwa ya kawaida kabisa, makali yamo kwenye maneno. Kugombeza ni dada yake, ila kunarefuka: mtu hugombezwa kuanzia magharibi hadi chakula kinaiva. Kung'aka ni jibu fupi la ukali, unamuuliza mtu habari za kazi anakung'akia, unabaki umeduwaa.

Na kusuta, kwa kuwa ndugu mkalimani amekutaja. Kwetu pwani kusuta si kelele. Fulani amekwenda kusema kwamba wewe umeachika. Unachukua mashahidi, wale wale aliowaambia, mnakwenda mpaka mlangoni kwake, unamuuliza mbele yao: ulisema au hukusema? Mwenye hasira hapo ni yule anayesutwa. Anayesuta ametulia kama maji mtungini. Ukikuta amefoka ujue amekosa ushahidi.

Kwa hiyo kuhusu kijana: "mara ngapi nimekukataza" na "huna masikio" ni maneno ya kukaripia. Angekuwa kiranja au kaka mkubwa, angeandika "nilimkaripia", na hakuna ambaye angeuliza. Yeye ni mwenzake, hana ukubwa juu yake, na akalichagua neno lisilodai ukubwa. Mwalimu, mtoto huyo anakijua Kiswahili.


Mpita_Njia aliandika:

Mimi sioni tofauti. Aliyefokewa alilia, sivyo? Mtu akishaumia, kuna faida gani kubishana kama ni kufoka au kutukana? Na "huna masikio" mimi ningelihesabu tusi.


Mkalimani_Kla aliandika:

Ndugu, faida ni kwamba adhabu hufuata jina la kosa. Ukiiita ajali mauaji, maiti ni yule yule lakini dereva ananyongwa.

Kuhusu "huna masikio", hapo una hoja na nisingeipuuza. Kwa Kiswahili ni swali la kumlaumu mtu asiyesikia onyo, halimvui mtu utu wake wala halimgusi mama yake. Tusi lingekuwa kumwita mnyama, au kutaja maungo. Mjumbe angesema "nimeyapima maneno haya nikaona yamevuka mpaka", tungebishana naye kwa heshima. Lakini maneno hayo hakuwahi kuyasikia, na hakuuliza.


Kijana_Ntinda aliandika:

Nasoma kimyakimya tangu jana, naongeza dogo. Mjomba wangu amekaa Dar, anasema rap ilipoingia kule miaka ya 90 watu waliiita muziki wa kufokafoka. Walioipa jina walimwona kijana jukwaani anatoa maneno haraka na kwa ukali, kifua mbele, kidole kinachoma hewa. Hakuwa amemkasirikia mtu. Huku kwetu tuna Lugaflow, rap ya Kiluganda, na mzee wangu huuliza kila siku, "huyu anagombana na nani?" Kumbe ni swali lile lile.

Na siku hizi mitandaoni Watanzania wanasema "povu". Mtu akiandika kwa hasira wanamwambia punguza povu, au povu linamtoka. Nilidhani ni la sabuni. Baada ya uji wa mwalimu nimeona linakotoka.


Mwl_Kiyira aliandika:

Umeliona vyema. Zamani tunasema mtu alifoka mpaka povu likamtoka mdomoni. Vijana wamechukua povu wakaacha kufoka. Na ile ya kufokafoka ni mfano mzuri wa kurudia shina: uji ukifoka mara moja unaondoa kifuniko, ukifokafoka unarukaruka sufuriani bila kukoma.

Dada yangu wa Mvita, maelezo yako ya kusuta nitayasoma darasani neno kwa neno ukiniruhusu. Kukaripia wanafunzi wangu wanaandika "kukalipia", kwa sababu Luganda haiweki r baada ya a, na masikio yao yameshazoea hivyo. Nawasahihisha polepole.

Ndugu Mpita Njia, sikukasirikii. Lakini niseme wazi: aliyefokewa aliumia, na kijana alistahili kuomba radhi, na aliomba usiku ule ule bwenini, kabla ya kamati yoyote. Wenzake sita wameniambia. Kilichomfukuza ni neno ambalo hakulisema na hakulitenda.


MamaKoboko aliandika:

Kwetu upande wa Koboko na Arua, Kiswahili si cha askari tu. Ni cha soko. Muuza samaki, mwenye pikipiki, wanaovuka kutoka Congo, sote tunakutana hapo. Kuna Wanubi wenye Kinubi chao, ambacho watu wa Kampala hukidhania ni Kiswahili, na sicho, asili yake ni Kiarabu. Lakini sokoni wote tunaelewana.

Nataka kusema kitu kuhusu kufoka kama tunavyokuona sisi. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kufoka. Ukimwaga unga, anafoka. Mbuzi akiingia shambani, anafoka, na mbuzi anamuelewa. Dakika tatu baadaye anakuita kwa jina la utotoni, mwanangu njoo ule. Hakuna aliyemwogopa. Tulimwogopa shangazi, ambaye hakufoka hata siku moja. Yeye alinuna. Angeweza kukaa na jambo moyoni tangu mvua za masika mpaka mavuno, anakupakulia chakula bila kukutazama. Siku akifungua mdomo, haongezi sauti hata kidogo, na neno moja tu linakutoa usingizi mwezi mzima.

Mwalimu, mwambie kijana arudi shule kichwa juu. Ndoo ni yake.


Mwl_Kiyira aliandika:

Nawarudia wakuu, leo Alhamisi.

Nilichapa kurasa nne za michango yenu nikaenda nazo kwa naibu mwalimu mkuu. Alizisoma mbele yangu, miwani puani, bila kusema neno. Alipofika kwenye panda gari ya Mzee aliondoa miwani akatazama dirishani muda mrefu. Yeye ni mtu wa Luwero, kulikopiganwa vita vya miaka ile ile ya 80.

Jana kamati ikakaa tena, kijana akiwapo. Safari hii wakamuuliza lile swali la mkalimani: ulisema maneno gani? Akayarudia kama alivyoniambia kwenye simu, hakupunguza hata "huna masikio". Mwenzake wa ndoo naye akaulizwa kama ndivyo ilivyokuwa, akasema ndivyo. Mjumbe aliyetafsiri ni mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Alisimama akamwambia kijana, "Mwanangu, neno lako sikulijua, nikaona haya kuuliza." Kijana alipiga goti kidogo, kama wanavyofanya kwao kwa wakubwa, akasema ameelewa.

Wiki mbili hazirudi. Amekosa majaribio mawili ya hisabati, na mwalimu wa hisabati amekubali ampe Jumamosi hii. Barua ya kwanza imeondolewa kwenye faili. Yale maelezo yaliyotafsiriwa yamebaki, ila neno la Kiingereza lililokuwa na maana ya kutukana limekatwa kwa mstari mmoja wa wino. Naibu alikaa nalo kalamu mkononi, akajaribu Kiingereza cha namna tatu kwenye karatasi ya pembeni, hakikumridhisha hata kimoja. Mwisho akaandika juu ya mstari ule, kwa herufi za kusomeka vizuri, "alimfokea", akatia sahihi na tarehe.